Anwani ya Akiba

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Mafundi cherehani ni wengi, na kila mmoja ana mkasi. Yeye aliitwa hivyo kwa ajili ya ulimi. Mteja akisema gauni limembana, anajibiwa kwamba gauni liko vilevile tangu wiki iliyopita, aliyebadilika ni mwingine. Hata hivyo waliendelea kuja, maana mshono wake ulikuwa haufumuki, na zaidi ya hapo, kilichosemwa nyuma ya pazia la kupimia hakikutoka nje ya pazia.

Darasa la saba alimaliza akiwa wa pili, na mpaka leo ukimuuliza nani alikuwa wa kwanza atakutajia, tena na dawati alilokalia na jinsi alivyonyoosha kidole kabla swali halijaisha. Kusoma kuliishia hapo. Alifundishwa kushona na mke wa mwalimu mkuu, akanunua cherehani ya miguu iliyokwisha kutumika na watu wawili, akapanga chumba kinachotazama barabara. Chumba ndicho kilekile. Kina meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kilichobanduka rangi pembeni, na kochi moja ambalo anayekaa lazima kwanza aondoe vitambaa.

Mwanzoni alikuwa na daftari la vipimo kama fundi mwingine yeyote. Siku moja mume wa mteja alikuja kuchukua gauni la mkewe. Wakati Bi Mkasi anapiga pasi, yule bwana akajipekulia daftari lililokuwa mezani, akaona kiuno cha mkewe cha mwezi wa kwanza na kiuno cha mwezi wa nne. Yeye alikuwa safarini tangu mwaka uliotangulia. Ndoa ile haikumaliza wiki. Bi Mkasi hakuwa amesema neno, lakini alijua kwamba nyumba imevunjikia mezani pake. Daftari alilichoma nyuma ya nyumba, na tangu siku ile anapima kwa utepe wa karatasi. Kifua anakata kijino pembeni mwa karatasi, kiuno kijino, mkono kijino, bila namba wala jina. Nguo ikiisha, mteja anakwenda na nguo yake na utepe wake. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anashona kishamba. Hakuwaeleza.

Mtoto wa kaka yake alikulia kwenye chumba hicho. Aliletwa akiwa na miaka saba, mama yake alipofariki, akafanyia kazi za shule chini ya meza ya kukatia kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Alisoma, akasomea utunzaji wa dawa, akaajiriwa stoo ya dawa ya hospitali. Sasa ni mama wa watoto wawili, na mumewe hana kazi tangu kiwanda kilipofungwa. Nyumba nzima inasimama juu ya mshahara wake.

Hospitali hiyohiyo ilikuwa mteja mkubwa wa Bi Mkasi. Kwa miaka kumi na moja alishona sare za wauguzi wote. Katibu wa hospitali alipotangaza kwamba bei haziletwi tena kwa karatasi bali kwa barua pepe, mpwa ndiye aliyemfungulia shangazi yake anwani, yenye jina la duka, na kumwonyesha pa kubonyeza. Bi Mkasi alijifunza kwa siku mbili, akalalamika kwa miezi sita.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye maboksi ya dawa ya maji ya watoto. Mpwa aliona lebo mpya zimebandikwa juu ya lebo za zamani. Akabandua moja kwa ukucha. Chini yake tarehe ya mwisho ilikuwa imepita miezi tisa. Alimwambia mkuu wa stoo, akajibiwa kwamba kazi yake ni kupanga, si kubandua.

Mpwa hakuliachia hapo. Alikuwa ameona mtandaoni tangazo la kampuni moja ya nchi za mbali yenye barua pepe za siri. Walijinadi kwamba kila barua hufungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake wanao mwandishi na mwandikiwa tu, hata wenye kampuni hawawezi kuisoma. Hawakutaka jina, hawakutaka simu. Akafungua sanduku la barua huko. Palikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, tena si ya lazima: anwani ya akiba, utakayosaidiwa nayo ukisahau neno la siri. Mpwa ni mtu wa kusahau maneno ya siri. Aliwahi kufungiwa akaunti yake ya benki siku ya kulipa karo. Anwani yake mwenyewe ina jina lake, hiyo hakuthubutu. Akaandika ya duka la shangazi, akaona amecheza vizuri.

Barua ikaenda kwa wakaguzi wa dawa, nakala kwa gazeti moja. Gazeti likatoa habari fupi, ukurasa wa tano. Hospitali ikaenda mahakamani kusema imechafuliwa jina, gazeti likatakiwa kutaja anwani ya sanduku, na mahakama ikaandika huko kwenye nchi ya ile kampuni. Karatasi zilizunguka miezi mingi. Mwisho kampuni ilijibu kwa adabu kwamba barua haiwezi kuzifungua, ufunguo haina. Ilichonacho ni siku sanduku lilipofunguliwa na anwani ya akiba. Ikavitaja vyote viwili.

Katibu hakuhitaji mpelelezi. Aliiandika ile anwani kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikamletea barua thelathini na tatu, zote za bei za sare.

Karani wa ofisi ya katibu alimnong'oneza mpwa habari hizo saa ya chakula. Mpwa akaaga kwamba kichwa kinamuuma, akaja moja kwa moja dukani. Alikaa juu ya vitambaa bila kuviondoa, na hapo Bi Mkasi akajua kuna neno.

Alieleza yote. Kesho yake asubuhi wangekuja kumuuliza shangazi nani anatumia anwani ile. Wakijua ni yeye, kazi hana, na cheti cha dawa wanaweza kuomba afutiwe. Alisema kampuni imemuuza. Alilirudia neno hilo mara tatu nne.

Bi Mkasi aliendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa, kisha akaweka mkasi chini.

"Walisema hawatasoma barua?"

"Ndiyo."

"Wamesoma?"

"Hawajasoma, shangazi. Hawawezi."

"Walisema hawatakutaja?"

Mpwa akatoa simu, akatafuta yale masharti marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyaangalia. Chini kabisa, karibu na mwisho, yalikuwapo maneno kwamba sheria ya nchi yao ikiwalazimisha, watatoa kile walichonacho. Akayasoma kwa sauti ndogo.

"Sasa wamekudanganya wapi?"

"Shangazi, kwani uko upande wa nani?"

"Wako. Ningekuwa upande wao nisingeuliza kitu." Kisha akasema alichokuwa akikifikiri tangu mwanzo. "Hao watu wa kufuli huna haja ya kuwauliza kama ni waaminifu. Waulize wanaweka nini. Daftari langu nalo lilikuwa aminifu."

Akamwambia aende kazini asubuhi kama kawaida, apange maboksi yake, na asionekane karibu na mtaa huo.

Walikuja saa tatu, katibu na mwanasheria kijana aliyevaa suti ambayo Bi Mkasi aliona mara moja kwamba mabega hayakukaa. Mteja aliyekuwa akipimwa aliambiwa arudi mchana. Mwanasheria alimwita mama, akakataa kukaa, akaweka karatasi juu ya meza ya kukatia.

"Mama, anwani hii ni yako?"

"Yangu. Nyinyi wenyewe mnaniandikia hapo kila siku kunitaka nipunguze bei."

"Kuna mwingine anayeitumia?"

"Duka hili lina fundi mmoja."

"Kwa hiyo ile barua ya dawa uliandika wewe?"

Bi Mkasi akakunja utepe wa yule mteja. Katika chumba kile alikuwa amenyamazia mambo mengi, lakini kutamka uongo ilikuwa kazi nyingine, na hakuwa na mazoezi nayo. Mwanasheria alisubiri. Katibu alikuwa akitazama rundo la sare zilizokatwa, bado hazijashonwa.

"Niliandika mimi," akasema.

Mwanasheria akauliza fundi wa nguo amejuaje habari za lebo. Bi Mkasi akamjibu kwamba amepima wauguzi wa hospitali ile miaka kumi na moja, na mtu akiinua mikono apimwe kifua, mdomo nao hufunguka. Hilo lilikuwa kweli. Wauguzi watatu walishamwambia habari za zile dawa, kila mmoja kwa wakati wake, kabla mpwa hajabandua lebo yoyote.

"Akina nani walikuambia?"

"Sikumbuki."

Katibu akacheka, cheko la mtu asiyefurahi. "Wewe? Wewe uliyenibishia rangi ya vifungo vya miaka sita nyuma, na ukawa sahihi?"

"Uzee umeingia juzi, mheshimiwa. Umenikuta hapahapa nimekaa."

Mwanasheria alimtazama mkubwa wake kana kwamba anauliza kama waendelee. Walikuwa na anwani, na mwenye anwani amekiri. Barua za ndani ya sanduku hakuna aliyeweza kuzifungua ili kuonyesha vinginevyo. Katibu akatangaza kwamba kazi ya sare imesimama kuanzia saa hiyo, gari litakuja kuchukua kitambaa cha hospitali, na mengine watakutana mahakamani. Bi Mkasi akawakumbusha na uzi, kwa kuwa uzi nao ulikuwa wa hospitali. Gari lilipokuja alivikunja vipande vyote arobaini na viwili, akavifunga kila saizi peke yake, akamtaka dereva atie sahihi.

Jioni mpwa alikuja na barua ya kukiri, aipeleke kwa katibu ili shangazi arudishiwe kazi. Bi Mkasi aliisoma yote, maana barua akipewa huisoma yote, kisha akamrudishia.

"Ukienda sasa, mimi nitakuwa nimesema uongo bure."

Basi ikakaa hivyo. Lakini wakaguzi wa dawa nao walikuwa wamejibu, kupitia lile sanduku la siri. Walisema barua isiyo na jina haiwezi kuwafungulia mlango wa stoo. Wanataka mtu aseme kwa kinywa chake na atie sahihi. Mpwa alikaa na jibu hilo wiki tatu. Kila asubuhi aliona maboksi yanapungua, na alijua yanapunguka kwenda wapi. Siku moja akapiga moyo konde, akamuuliza shangazi kama aandike jina lake humohumo kwenye sanduku, kwa kuwa barua zenyewe hazisomeki na mtu.

"Hazisomeki njiani," Bi Mkasi akasema. "Zikifika?"

"Zikifika anasoma mkaguzi."

"Yupi? Anakaa na nani? Kompyuta yake imegeukia mlango au ukuta?"

"Ofisi yao sijawahi kufika, shangazi."

"Basi nenda ukamwone. Kisha uamue mwenyewe kama utamwambia jina lako."

Alikwenda siku yake ya mapumziko. Ilikuwa ofisi ndogo ghorofa ya pili, yenye mlango unaofungika, na mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeandika kwa mkono, polepole, akimsomea kila sentensi kabla ya kuendelea na nyingine. Mpwa alikaa robo saa nzima akizungumza mambo ya pembeni tu, akimtazama. Halafu akataja jina lake. Alitoa maelezo kurasa nne, akatia sahihi kila ukurasa.

Wakaguzi walifika hospitali wiki iliyofuata bila kubisha hodi, wakakuta maboksi sitini na kidogo. Mkuu wa stoo aliondolewa. Katibu alibaki, maana makatibu hubaki. Kesi ya kuchafuliwa jina iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka hakuna aliyekuwa akiiulizia. Sare Bi Mkasi hakurudishiwa. Kazi hiyo alipewa fundi wa mtaa wa pili, na Bi Mkasi sasa anashona mapazia na nguo za shule, na wateja wameshajua kutomuuliza habari hiyo.

Mpwa jina lake lilikuwa kwenye taarifa ya wakaguzi, kwa hiyo hospitali nzima ilijua. Kumfukuza waliogopa, kwa sababu ya gazeti. Walimhamishia chumba cha mashuka, chini, karibu na mashine za kufulia, kwa mshahara uleule. Hakuna dawa huko. Kazi ni kupokea na kugawa mashuka, mataulo na sare mpya.

Jumapili alikuja kumsalimu shangazi yake, akaondoa vitambaa, akakaa. Bi Mkasi hakuzunguka. Alitaka kujua sare za yule fundi mwingine zimeshonwaje.

"Kwapa zinafumuka, shangazi. Kumi na moja nimezirudisha."

"Umerudisha kwa mdomo?"

"Kwa maandishi. Na jina langu liko chini."

Bi Mkasi akauliza mshono wa pindo je, na mpwa akaanza kumweleza.