Ndala Kando ya Mashine ya Kufulia

Poni mwanangu, keti kwanza. Hiyo mashine iache ndani ya boksi lake, haina miguu ya kukimbia. Nimesikia mnataka kuiwasha kesho huko kwenu New Site, na mimi nikasema, kabla ya kesho lazima nikusimulie habari ya siku moja ambayo mpaka leo ikinijia, moyo unanienda mbio.

Ni miaka ile tuliporudi Juba kutoka Uganda. Damu yangu ilikuwa bado inachemka, mvi sikuwa na hata moja. Tulipanga nyumba mtaa wa Lemon Gaba, na kutoka Kampala tulikuja na mashine ya kufulia juu ya lori, tumeizungushia magodoro. Usicheke! Kitanda tulikiacha, mashine tukaibeba.

Sasa sikiliza. Plagi yake ilikuwa ya meno matatu, bapa, kama zote za Uganda. Mwenye nyumba naye alikuwa ameishi Khartoum, na soketi zake zote zilikuwa za matundu mawili ya mviringo. Haviingiliani hata ulie. Basi shemeji yangu Wani, mdogo wa mume wangu, akachukua kisu cha jikoni, akaikata ile plagi, akamenya nyaya mbili, akazisukuma kwenye matundu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Waya wa tatu, ule wa kijani wenye mstari wa njano, akaukunja nyuma.

"Na huo?" nikamuuliza.

"Huo hauna kazi, shemeji. Mafi muskila."

Hakuna shida! Mwanangu, maneno hayo mawili yamezika watu wengi katika mji huu.

Mashine ikafua, nguo zikatakata, majirani wakaja kutazama. Halafu ikaanza kuuma. Ukiigusa na mkono wako umelowa, kitu kinakupanda mpaka kwenye kiwiko. Je, tuliizima? Thubutu! Sisi ni watu wa kambi za wakimbizi, tulifundishwa kuvumilia jua, njaa na foleni ya maji, sembuse mashine inayochoma kidogo. Tukanunua ndala nene za mpira, tukaziweka pale kando yake. Ikawa sheria ya nyumba: anayefua avae ndala. Wageni tukawaonyesha huku tunacheka. Mazoea yana taabu. Ukikaa na jambo baya kwa muda, mwishowe unalikaribisha chakula.

Ndipo akaja kututembelea Shangazi Keji kutoka Yei. Huyo ni dada wa baba yake mume wangu, mama mfupi, mchache wa maneno, na ukimuudhi unajua. Tulimchinjia kuku. Kabla ya kula akaenda kunawa mikono kwenye bomba la pipa, pale chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli, ambapo mashine ilikuwa inazunguka. Nikapiga kelele, "Shangazi, vaa ndala kwanza!"

Akasimama. "Kwa nini?"

"Hiyo mashine inauma kidogo," nikamjibu. Wani akacheka.

Shangazi hakucheka. Alirudi polepole, akaketi, akauweka mkoba wake magotini kama mtu anayengoja gari. Tukamletea kuku. Akasema, "Sili." Tukamletea maji. Akasema, "Sinywi." Unazijua mila zetu, mwanangu: shangazi wa bwana akikataa chakula cha nyumba yako, hiyo ni aibu itakayofika kanisani kabla yako. Mume wangu akapiga magoti mbele yake, jinsi alivyo mrefu.

"Shangazi, tumekukosea nini?"

Akanyoosha kidole. Lado huyu mumeo, wakati huo mtoto wa kutambaa, alikuwa ameamka akatoka nje, makalio wazi, anafuata lile povu linalotiririka kutoka chini ya mashine. Magoti yake yalikuwa tayari majini, na mkono ameshauinua.

"Huyu atavaa ndala za nani?" Shangazi akauliza.

Ee Mungu wangu! Sijui nilifikaje pale. Nilimnyakua kwa mkono mmoja kama ninavyobeba ndoo, naye akalia anataka povu lake, na mimi nikalia kuliko yeye. Wani alikwisha kukimbia kuzima jenereta iliyokuwa ikitupa umeme.

Shangazi akasema, "Mlikimbia risasi, mkavuka mpaka, mkarudi na watoto wazima. Sasa mje muwaue kwa mashine ya nguo?"

Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wani alitoka saa ile ile akaenda kumtafuta fundi, akarudi na Mkenya mmoja aliyekuwa akifanya kazi za umeme mtaani. Fundi alifungua mashine, akakuta waya mmoja ndani umechubuka na unagusa bati. Akatueleza kwamba waya wa kijani ni njia ya umeme uliopotea kurudi ardhini. Ukiukata, umeme utatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni mtu. Akaubadilisha ule waya, akachimbia nondo ya shaba ardhini, akaweka soketi ya matundu matatu, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kuku alikuwa amepoa kabisa, lakini Shangazi alimla mpaka mifupa.

Na leo, mwanangu, huyo huyo Lado ananiambia, "Mama, nitaifunga mwenyewe, mafi muskila." Nilitaka kumchapa na ukubwa wake wote!

Basi shika haya. Plagi ikikataa soketi, haibadilishwi kwa kisu, hubadilishwa soketi na fundi anayejua. Waya wa tatu usikatwe hata mkiapiwa. Mashine iwe na waya wake kutoka kwenye swichi kubwa, si ekstensheni inayolala kwenye maji pamoja na friji na chaja za simu. Maji machafu yapelekwe mbali kwa mpira. Na siku mkinunua ile ya kukaushia, ingawa sijui jua la Juba limewakosea nini, ile inakula umeme mara nyingi zaidi, nayo ipewe waya wake mnene. Mvuke wake utoke nje, na zile nyuzinyuzi za nguo ziondolewe kila mara, maana zinashika moto kama nyasi za kiangazi. Msiiwashe mkaenda ibada.

Lakini kubwa ni hili. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kitu cha nyumbani kikikuuma leo, usikizoee wala usifundishe watu kukikwepa. Kizime, uite mtu. Aliye mdogo kuliko wote hajui sheria za nyumba, na hilo tumbo lako, binti yangu, si la maharage.

Mungu akupe maji ya kutosha na umeme usiokatika, na kila kimoja akikalishe mahali pake. Na huyo anayekuja, atambae uani kwako popote moyo wake utakapompeleka, nawe usiwe na haja ya kuinuka kitini kwa hofu.