Siku Mama Alipompukuchua Mbwa

Jirani yetu wa Kitale alihama akatuachia teria wake, mbwa mdogo mwenye ndevu na manyoya magumu kama brashi ya viatu. Wiki hiyo hiyo Mama akafika kutoka Bungoma kutusaidia kupukuchua mahindi. Alipokuta nywele za mbwa kwenye vitambaa vya viti alivyovifuma mwenyewe, alisimama palepale mlangoni.

"Mimi na huyu, mmoja atalala nje. Na mimi silali nje."

Nilikuwa nimeshampenda yule mbwa. Nikamwomba Mama anipe hadi jioni niyaondoe manyoya yanayodondoka.

Kama nawe una teria, usikimbilie mkasi. Ukiyakata, manyoya yaliyokufa hubaki mwilini na kuendelea kudondoka kila mahali. Yang'oe kwa vidole, machache machache, kufuata yanakolalia, na mkono wa pili ushike ngozi isivutike. Yaliyo tayari hutoka bila maumivu. Mbwa akijikunyata, umeshika yasiyo tayari. Mwombe radhi, ujaribu pembeni.

Nilimpandisha juu ya gunia uani, nikaanza. Vidole viliteleza tu. Mama, aliyekuwa na mahindi yake hapo karibu, akaangua kicheko.

"Ati unanyonyoa mbwa? Si ungechemsha maji kwanza, bana! Utatupikia na ugali?"

"Vidole vinateleza, Mama."

"Vitaacha kuteleza aje? Unashika ni kama unaokota sindano."

Akaingia jikoni, akatoka na majivu kwenye kifuniko cha sufuria, yaleyale anayojipaka akitaka kushika kambare. Akayapaka kwenye kidole gumba, kile kigumu cha kupukuchulia. Maishani mwake hakuwahi kumgusa mbwa. Alinyoosha mkono huku amegeuza uso, akavuta. Shungi zima likatoka. Mbwa akafumba macho kwa raha.

Mama akageuka kutazama.

"Hii imekauka," akasema. "Hii ingine bado mbichi, iache."

Mahindi yakasahaulika. Yeye alishika mgongo, mimi mapaja, na chini ya manyoya makavu yakajitokeza mapya, meusi ya kung'aa. Giza lilipoingia, vitambaa vilikuwa vimekung'utwa vikawa safi, na mbwa alikuwa anakoroma kwenye leso ya Mama, ndani ya nyumba.

"Sasa nani analala nje?" nikauliza.

"Nyamaza, utamwamsha."

Tangu arudi Bungoma, akinipigia simu haanzi na salamu.

"Huyo mtoto amekauka? Nikuje?"