Kinga ya Gitaa la Dieudonné

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, hapa Bunia, mtaani Rwambuzi. Bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu alfajiri, na watu walianza kufungua madirisha nusu nusu. Mimi nilikuwa kijana wa karakana, najifunza kutengeneza magitaa kwa Muzee Anselme. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali, na asubuhi hiyo aliingia mama mmoja ambaye moyo wangu haujamwacha mpaka leo.

Lakini ngoja kwanza nikueleze habari ya kinga, maana ninyi vijana wa sasa mnaibandika tu kama stika ya pikipiki. Kinga ni kile kipande chembamba kinachokaa kando ya tundu la gitaa, ili kucha za mpigaji zisichimbe mbao. Wengi hudhani ni pambo. Ukiweka plastiki nene ya bidoni, lile dumu la maji, sauti inakabwa. Ukiweka ngozi ya mbuzi, mvua zikianza inavimba na kubanduka. Ule mti mweusi wa msitu wa Mambasa unapendeza macho, lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: ni mzito, na gitaa linaanza kuimba kama mtu mwenye mafua.

Muzee Anselme alitumia picha za eksirei. Ni nyembamba, ni ngumu, hazinywi maji. Tulikuwa tunaziloweka kwenye beseni la maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka mifupa yote inatoka, inabaki plastiki tupu yenye rangi ya buluu kwa mbali. Kisha tunapaka rangi nyeusi upande wa nyuma na kubandika. Wateja wenyewe walituletea, na hakuna aliyeuliza mbavu zile zilikuwa za nani. Wakati wa vita picha za namna hiyo hazikukosekana.

Mama aliyeingia tulimwita Mama Dieudonné, kwa jina la mwanawe. Walikuwa wakulima wa Djugu. Muzee ndiye aliyemtengenezea Dieudonné gitaa la kwaya, miaka ya amani, nalo halikuwa na kinga, kwa sababu kijana alijisifu kwamba mkono wake ni mwepesi, haukwaruzi. Sasa Dieudonné alikuwa ameuawa njiani walipokuwa wakikimbia, na mama hakupata hata nafasi ya kumfukia. Gitaa alilileta mgongoni. Alitaka liwekewe kinga ili kwaya ya wakimbizi ilipige bila kuimaliza mbao. Aliliweka mezani, akaweka na picha ya eksirei juu yake, akaanza kusema jambo. Mara risasi zikalia upande wa soko. Yeye akakimbia, sisi tukalala chini sakafuni.

Kulipotulia, Muzee aliichukua ile picha kama alivyozichukua nyingine zote, akaitia kwenye beseni.

Mama alirudi siku nyingine, Muzee akiwa ametoka kutafuta gundi. Alikaa kwenye kigoda akamalizia maneno yaliyokatwa na risasi. Picha ile ilikuwa ya kifua cha Dieudonné, aliyopigwa hospitalini zamani kidogo kwa ajili ya kikohozi. Nyumba yao ilichomwa pamoja na picha zote za familia. Hii ilibaki kwa sababu mama alikuwa ameificha ndani ya godoro, na godoro alilibeba kichwani. Aliomba tuibandike hivyo hivyo, na mifupa yake, bila rangi nyeusi, ili kwaya ikipiga awe anamwona mtoto wake.

“Picha yake ingine haiko,” alisema. “Ni hii tu.”

Nyuma ya mgongo wake, kwenye waya wa kuanikia, picha ile ilikuwa inaning'inia, kavu na tupu. Nikaitikia tu, “Ndiyo, mama.” Akaondoka.

Muzee aliporudi nikamwambia. Aliketi kwenye kile kigoda, gundi mkononi. Nilimwonea huruma, mwanangu, na huruma ya kijana ina akili nyingi kuliko busara. Kwenye sanduku kulikuwa na picha nyingine ambazo hatujaziosha. Nikachomoa moja ya kifua.

“Muzee, tumupatie hii. Mbavu zote zinafanana, hatajua.”

Nilingoja kofi, halikuja. Muzee alinyanyuka, akaishusha ile plastiki tupu kwenye waya, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

“Weye unataka ule mama akuwe anaangalia mifupa ya mutoto wa mutu mwingine kila siku ya Mungu?” aliuliza. “Na mama wa ule mutoto mwingine, yeye ataangalia nani? Vita imetuzoeza kusema mutu ni mutu tu, maiti ni maiti tu. Humu karakana yangu, hapana.”

Alisema polepole, bila hasira. Afadhali angenipiga. Nilirudisha ile picha sandukuni, na sikuthubutu kumtazama usoni siku nzima.

Mama alipokuja tena, Muzee hakungoja aketi. Alivua kofia, yeye mwenye mvi, mbele ya mama aliyekuwa na umri wa binti yake.

“Mama, picha ya Dieudonné haiko tena. Ni mimi niliiosha. Sikukuuliza.”

Mama hakulia. Aliomba aone gitaa. Akaitwaa ile plastiki tupu, akailaza mwenyewe mahali pake, chini ya tundu. Mbao ile tulikuwa hatujaitazama vizuri; hapo ndipo sisi sote tuliona. Kupitia plastiki ile mbao ilionekana yote, na juu yake mikwaruzo ya kucha za Dieudonné, mingi, imepita mmoja juu ya mwingine, miaka yake yote ya kwaya.

“Alikuwa anasema mukono yake iko mwepesi,” mama alisema. Alipitisha kidole juu ya plastiki, akifuata mikwaruzo. “Alikuwa anadanganya.” Kisha akamwambia Muzee, “Musipake rangi.”

Hatukupaka. Muzee alitia gundi pembezoni tu mwa plastiki. Mama hakusema kwamba amesamehe, na Muzee hakumwomba aseme. Maji yakimwagika hayazoleki. Muda si mrefu mji ukahama tena, naye akafuata watu waliokuwa wakienda upande wa Aru, gitaa mgongoni. Nimewauliza wengi waliorudi kutoka huko. Hakuna anayejua kama alifika.

Basi, mwanangu, ukichagua kinga, chagua nyembamba, na upande wa gundi usifanye ubahili. Hayo utayajua kwa kazi. Lililonigharimu kulijua ni hili: kitu cha mtu kikikufikia mkononi, muulize mwenyewe kabla hujakisafisha, hata kama umesafisha vya namna hiyo mara elfu. Ukikiharibu, mwambie kabla hajakuuliza, kwani njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake yuko mama anayelilia mbavu zisizo za mwanawe. Tena usikubali, hata dunia nzima ikikubali, kwamba mtu mmoja anaweza kuwekwa mahali pa mwingine na pasionekane pengo.

Mungu aibariki mikono yako. Siku utakayokosea, akupe kinywa cha kusema. Na ukiondoka duniani, akujalie angalau mtu mmoja anayeijua mikwaruzo yako.