Bomba la Fulgensi

Choo kiliguna tena. Konsolata aliacha kupeta mchele, akasikiliza. Sauti ilipanda kutoka chini ya sinki la choo, nzito, ya kukatakata, kama pumzi za mumewe wiki ile ya mwisho.

Aliteremka kutoka Mahenge akiwa bibi arusi, akalima mpunga, akakaanga maandazi, hadi yeye na mumewe Fulgensi wakajenga nyumba hii ya wapangaji, mtaa wa Mlabani, Ifakara. Choo cha kuvuta maji kilikuwa fahari ya Fulgensi. Kila kitu kiliingia humo: nepi za watoto wa wapangaji, dawa zilizobaki, na alipougua kidonda cha mguu, hata bandeji zake.

"Vuta maji, mke wangu," alizoea kusema. "Kikishazama si chetu tena."

Ifakara ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo mashimo ya vyoo hujaa upesi. Kila masika Fulgensi alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua bomba alilolichomeka ubavuni mwa shimo, akachomoa kizibo. Uchafu ulikimbia na mvua mferejini, hadi mto Lumemo. Huko ndiko kutapisha choo; mtaa mzima ulitapisha hivyo.

Masika haya Fulgensi hayupo. Shimo limejaa, na gari la maji taka haliwezi kupita uchochoroni kwa tope.

Barnaba, jirani, alipaza sauti juu ya ua. "Shemeji! Mvua ndiyo hii, unangoja ikubembeleze? Tapisha!"

Mwanamvua, mpangaji mwenye asili ya delta ya Rufiji, alikuwa akikinga maji ya mvua mlangoni.

"Mama, unajua yanakoishia?"

"Mtoni."

"Na mto hauna kwao? Lumemo unaingia Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji, Rufiji unamwaga baharini, pale mama yangu anapovua kaa kwenye mikoko. Anasema siku hizi anavua na nepi."

Barnaba alicheka. "Bahari inameza meli, dada, itashindwa nepi?"

"Inameza, mzee. Lakini haitafuni."

Konsolata alichukua jembe. Choo kikifurika wapangaji watahama, na nyumba ndiyo riziki yake. Alifukua, akachomoa kizibo. Maji meusi yakaruka, na katikati yake kitu kirefu kikajinyoosha kama mkono unaopapasa njia.

Bandeji. Aliijua kwa fundo: fundo lake mwenyewe, la kufungia magunia ya mpunga. Mwaka mzima chini ya ardhi, na haikuoza.

Aliidaka kwa mikono mitupu. Ikafuata nyingine, ikamponyoka, ikaenda zake mferejini.

"Fulgensi," alisema, bila kilio, kama mtu anayemzuia mwenziwe mlangoni.

Kizibo kilikuwa kimesombwa. Alivua kitenge cha kiunoni, akakisokota, akakishindilia ndani ya bomba. Akakaa kwenye tope na gauni lake, akakikanyaga kwa kisigino.

"Shemeji, umerukwa na akili?"

"Barnaba, lete saruji. Na ufungue choo chako. Tutakuja kwako hadi gari lipite."

"Na wapangaji wote?"

"Wote. Atakayetaka kuhama na ahame."

Wakasikia lango la Barnaba likilia, likifunguliwa. Mwanamvua alishuka mvuani, akaketi kando ya Konsolata, akaweka unyayo wake juu ya wa mwenye nyumba.

Chini ya kisigino Konsolata alihisi kitu kikisukuma kutoka ndani, taratibu, bila hasira, kama mtu asiyejua kwamba alikwisha kuzikwa.