Dhahabu ya Mlangoni

Mimi ni mtu wa kujisifu, na miaka ile ya hamsini nilikuwa na sababu. Katika mgodi wetu huko Chunya, mbele ya Makongolosi, hapakuwa na Mwafrika mwingine aliyejua kupima dhahabu. Nilisaga jiwe, nikalichanganya na magadi na unga wa madini ya risasi, nikalitia katika kikombe cha udongo na kuliyeyusha tanuruni. Risasi ilikusanya dhahabu yote, ikazama nayo chini. Kisha kile kibonge cha risasi nilikiweka kwenye kisahani cha majivu ya mifupa, nikakirudisha motoni. Majivu yalikunywa risasi, dhahabu ikabaki peke yake, kipunje kama mbegu ya ulezi. Hicho ndicho nilichokipima kwenye mizani.

Sheria moja tu ilinikera: kikombe kikishatumika mara moja, kivunjwe. Mimi mtoto wa Tukuyu. Mama alipikia vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, na chungu kilichozoea moto kilikuwa na heshima kuliko kipya. Kuvunja chungu kizima, kwetu, ni kazi ya mwehu. Nikawa navisugua kwa mchanga na kuvirudisha rafuni, nikijiona mjanja kuliko aliyeandika sheria.

Wakati huo nyapara mmoja, mzee wa Kihehe kutoka Iringa, alikuwa akichimba shimo jipya na vijana wake kumi na wawili. Bwana mkubwa wa mgodi alikuwa ameshatamka: vipimo vikiwa vibaya, shimo lifungwe na wao warudi makwao. Nikapima mawe yao. Vipimo vikatoka vizuri ajabu! Nyapara alicheza mbele ya ofisi mpaka kofia ikamdondoka, na vijana wakazidi kwenda chini.

Asubuhi moja akaja maabara, anameremeta.

"Kamwene, fundi! Nimekuja kuona unavyoikamua hiyo dhahabu."

"Karibu, baba. Lete chochote, hata mchanga wa hapo mlangoni. Utaona nikisema hakuna, hakuna."

Akachota mchanga penye kizingiti, nami nikaupika kwa madaha yote, nikieleza kila hatua kama mhubiri. Mchana nikatoa kisahani. Katikati yake kipunje cha dhahabu kinang'aa.

"Yuuuh! Kumbe tunakanyaga mali!" Nyapara akapiga magoti mlangoni, akaanza kujaza mchanga kwenye kofia.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mlangoni hapakuwa na dhahabu. Nikachukua kile kikombe nilichopikia mchanga, nikakiangalia: ndani, kwenye nyufa, kulikuwa na masalio ya jiwe tajiri la shimo kubwa la zamani la mgodi, nililolipika humo wiki iliyopita. Na mawe ya nyapara nayo niliyapika katika vikombe vya namna hiyohiyo.

Shetani alinijia, sikatai. Mzee hakujua kusoma, bwana mkubwa alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa na sifa za kulinda. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini yule mzee alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya uongo wangu, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Inuka, baba," nikasema. "Chungu kilichopika samaki jana, leo ukichemshia maji, yananuka samaki. Dhahabu hii ni ya kikombe."

Akamwaga mchanga polepole. "Na ya kwangu?"

"Sijui. Tupime upya."

Nikavivunja vikombe vyote vya zamani kwa nyundo, yeye akinisaidia kwa hasira. Nikatoa kipya, nikapika jiwe lake. Alikaa juu ya kreti tangu mwanzo hadi mwisho, hakutaka hata chai. Safari hii kipunje kilitaka lenzi ndipo kionekane. Nikampa lenzi, akaangalia kwa muda mrefu.

"Niambie tu, mwanangu. Inatosha?"

"Haitoshi, baba. Nisamehe."

Nilingoja anitukane, ilikuwa haki yake. Akavaa kofia.

"Jiwe la juu ya vichwa vyao kule shimoni limelegea tangu juzi," akasema. "Vijana wakiogopa, nawaambia kazeni, namba ya fundi ni kubwa. Wewe iandike hii ndogo. Mimi ngoja nikawatoe."

Akatoka mbio, mzee mzima, kuelekea shimoni.