Nani Aanze Kula

Ijumaa ile bosi wangu, Mkorea, na mkewe walikuja kula chakula cha mchana nyumbani kwetu, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Msidhani niliwaalika mimi, thubutu! Bosi mwenyewe alisema kazini angependa kumwamkia mama yangu. Mama kusikia tu, kaagiza mbuzi. Mimi nahesabu siku. Miezi yangu ya majaribio ilikuwa inakwisha, bosi hajasema ndiyo wala la, na nyumba nzima inategemea mshahara wangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Walivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, wakampa mama sanduku la matunda kwa mikono miwili, wakainama. Mama akanambia kwa Kiswahili, "Hawa wana adabu kuliko nyie."

Tukakaa chini, biriani ikapakuliwa. Bosi kaweka mikono magotini, anamtazama mama. Mama anamtazama bosi. Biriani inafuka moshi, hapana anayeigusa.

Ndipo nikafahamu. Kwao mdogo hashiki kijiko mpaka mkubwa wa wote aanze, na mkubwa pale ni mama. Kwetu mwenyeji hali kabla ya mgeni wake. Na mimi, mdogo wao wote, nikianza ndiyo nimejiharibia kabisa. Ati mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni kaja, na sote tunakufa njaa.

"Mama, anza. Wanakusubiri wewe."

"Nile kabla ya mgeni? Nna wazimu mimi?"

Nikamgeukia bosi, nikamwambia kwa Kiingereza aanze yeye, kwetu haina taabu. Akatikisa kichwa. "Mbele ya mama yako? Siwezi."

Lahaula! Nikaiona kazi inaniponyoka kwa sababu ya wali.

Mama akauliza kasemaje, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akachukua kijiko, akachota punje chache, akatia mdomoni.

"Naonja chumvi tu," akasema. "Kuonja si kula."

Bosi na mkewe papo hapo wakashika vijiko. Alhamdulillahi! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Wakala, mama anawaongeza nyama tu. Kisha bi mkubwa wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akanambia, "Hebu muulize. Kazi wanakupa au hawakupi?"

"Mama, jamani!"

"Fasiri."

Nikafasiri, macho kwenye sahani. Bosi akaweka kijiko chini. Yeye ndiye aliyeona haya.

"Mwambie mama, ningekuwa na nia ya kukuondoa, ningepata wapi uso wa kuja kula wali wake?"

Nikamfasiria mama. Raha niliyoisikia sijui niieleze vipi, kifua kilifunguka chote. Nikageuka nimcheke mama kwa ujuba wake, nikamkuta kainamisha kichwa, anafuta macho kwa ncha ya kanga. Kumbe na yeye alikuwa haoni usingizi, na hajanambia.