Harusi yangu ya kwanza Nosy Be: picha nzuri hazikuwa zangu

Wakuu, salaam kwenu.

Nimerudi kazini mgongo unauma, sina nguvu hata ya kudanganya. Kwa hiyo nitalisema kama lilivyokuwa.

Mimi ni wa Tanga. Mama ni Mngazija, na kaka yake ana duka la vitambaa Mahajanga, Madagaska. Nilimfuata huko kutafuta maisha.

Kwa wasiojua, mitaani huku ni Kimalagasi na Kifaransa. Kwa mjomba ni Kingazija. Kiswahili changu nakitumia humu tu, ndiyo maana mnaniona kila siku.

Nilinunua kamera ya mtumba, nikawa namsaidia mpiga picha mmoja wa Amborovy, nje kidogo ya mji, kwenye harusi za ufukweni. Nabeba stendi, nashika begi. Akienda kula ananiachia nipige wageni mezani.

Huo ndio uzoefu wangu wote.

Siku moja akaja dukani mama mmoja wa kisiwa cha Nosy Be, mteja wa mjomba, anachagua vitambaa vya harusi ya binti yake. Akauliza kama tunamjua mpiga picha. Mjomba akaninyooshea kidole.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Karibu zote alizipiga bosi wangu. Sikusema.

Akauliza kama nimezoea harusi za Kiislamu. Nikajibu nimezoea.

Kutoka Mahajanga ni karibu siku mbili barabarani, halafu boti kutoka bandari ya Antsahampano. Nilifika Nosy Be kiuno kimekufa ganzi, na nikaha ni asubuhi inayofuata.

Msikitini nilipiga picha na settings za mwanga hafifu. Tulipotoka juani sikubadilisha kitu. Wala sikutazama kioo cha kamera, nilikuwa nabonyeza tu. (Wanaoanza, tazameni kioo jamani.)

Tukaenda nyumbani kwa bibi harusi. Mlangoni mwa chumba cha wanawake nikazuiwa na Zaina, mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wake yule mama. Akaniambia kwa upole kwamba huko ndani wamevua mitandio, mwanamume haingii.

Mama wa bibi harusi akatoka. Akanitazama.

"Si ulisema umezoea?"

Mtu aliyezoea angekuja na mpiga picha wa kike. Mimi hata kuuliza sikuuliza.

Zaina akanyoosha mkono, akaomba kamera. Nikamfundisha kama dakika kumi pale mlangoni: hapa unabonyeza, dirisha liwe mgongoni kwako, usiogope kusogea karibu. Akaingia.

Mimi nikakaa kwenye kiti nje. Usingizi ukanichukua.

Niliporudi Mahajanga nikafungua picha kwenye kompyuta. Zangu za ndani zimetikisika, za juani nyuso nyeupe kama karatasi. Nili-edit mpaka macho yakauma.

Za Zaina zilikuwa hai. Kuna moja mama anamfunga binti yake shela kabla ya kumtoa, pini kaishika kwa meno, machozi yanashuka na hana mkono wa kuyafuta.

Yule mama aliniruhusu kuweka hiyo moja mtandaoni, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamejifunika. Nikaiweka. Chini nikaandika jina langu.

Watu waliisifia sana. Familia tatu za Mahajanga wakanipigia simu kwa ajili ya picha ile. Nilifurahi, ila kila mtu akiisifia nilibadilisha mada.

Halafu akapiga Zaina.

"Kaka, ile picha umeandika jina lako."

Nikajitetea kwamba ni jina la biashara.

"Nilikuwa nimepiga magoti pale," akasema. "Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti."

Hakugombana. Akakata.

Kesho yake nikafuta jina langu, nikaandika lake. Nikampigia yule mama, nikamweleza yote, hadi zile picha za bosi wangu.

"Nilijua pale mlangoni," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Zile familia tatu nazo nikaziambia ukweli. Mbili zikaghairi. Nikarudi Amborovy kwa bosi, nikaanza upya kubeba stendi. Miaka miwili wakuu, na hakuna siku sikuchoka.

Zaina naye akanunua kamera. Sasa harusi za Nosy Be wanamwita yeye, kwa sababu anaingia kule ambako sisi hatuingii.

Wiki iliyopita alinihitaji nipige upande wa wanaume. Nikapanda gari, nikapanda boti, nikapiga nikaha yote nikitazama kioo kila baada ya picha mbili.

Mchana akachukua kamera yangu, akapitia picha moja moja. Akafika ya baba wa bwana harusi, kashika mkono wa mwanawe na hataki kuuachia. Akasimama hapo.

"Hii andika jina lako."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya natafuta chaji.

Nilichojifunza: usimwonyeshe mteja kazi ya mwenzio, na kabla hujakubali harusi, uliza nani ataingia kwa wanawake. Uchovu wa njiani unaisha. Ule wa kuficha jambo haukuisha mpaka niliposema.

Waliopitia hii kazi, ninyi mlianzaje? Mwenye la kunisema pia aseme. Nitasoma zote, ila majibu yatachelewa, nimelala chali hapa nimejipaka dawa ya mgongo.